Askari wa Risasi na Mkono wa Ngariba

Vijana wa idara wameniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi kabla sijaisahau, na mmoja wao akaongeza kwamba nisiandike kama ripoti. Nitajaribu. Vyeo sitavitaja, kwa sababu vilikuja kwa kuchelewa na havikumponya mtu. Kazi yetu ni kurudisha mikono kazini: mkono uliovunjika, uliokatwa, uliopooza, tunaufundisha upya kushika kikombe na jembe. Ninyi mnalijua hilo. Jamaa zangu hadi leo wanafikiri nimestaafu kazi ya kukanda watu.

Nilianza Kitale mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Sikuwa msichana, nilikuwa nimefanya kazi ya wodi muda mrefu kabla ya kurudi chuoni. Idara ilikuwa chumba kimoja nyuma ya hospitali, chenye meza ndefu, jiko la kuchemshia maji na rundo la mabomba ya plastiki. Mabomba hayo tuliyapasha moto tukayakunja kuwa vishikizo vya kunyoosha vidole, maana vile vya kiwandani tuliviona kwenye picha tu. Mkuu wangu alikuwa Bwana Naibei, Msabaot kutoka Mlima Elgon, mtu mrefu mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Siku ya kwanza hakunitembeza popote. Alinikalisha mezani, akaniwekea mbele askari mdogo wa madini ya risasi ambaye hakufika hata urefu wa kidole changu cha kati, akanipa brashi yenye nywele chache na kifuniko cha chupa chenye rangi nyeupe. Akaniambia nimchore mikanda miwili kifuani, inayopishana.

Nilimchora. Mikanda ilitoka kama watu wawili walioachana kwa ugomvi. Bwana Naibei hakusema vizuri wala vibaya. Alimchukua askari, akamweka mwanzo wa rafu, akaniletea mwingine. Nilimwona mtu wa dharau. Baadaye ndipo nilipoelewa kuwa hiyo ndiyo kanuni ya chumba kile: mgonjwa anajisahihisha mwenyewe. Askari wa leo anawekwa kando ya yule wa kwanza, mgonjwa anaangalia, na wewe unafunga mdomo. Kufunga mdomo ndilo somo lililonichukua muda mrefu zaidi.

Kabla ya askari, Bwana Naibei alikuwa akiwapa wagonjwa maharagwe ya kuchambua na mahindi ya kupukuchua. Ni mazoezi mazuri sana ya vidole, na hakuna aliyeyataka. Mwanamume mmoja wa Kiminini, aliyekatwa kano za kidole na panga, alimuuliza kama hospitali imeishiwa na wapishi. Wanawake nao walisema maharagwe wanayo nyumbani, na kule angalau wakimaliza wanayala. Askari hawakuwa kazi ya mtu yeyote. Hakuna mtu Trans-Nzoia aliyelelewa akiambiwa kwamba kupaka rangi jeshi la Napoleoni ni kazi ya kike, wala ya kiume, wala ya watu wasiosoma. Kila mtu alianza akiwa mgeni, na hilo lilisaidia.

Askari hao walitoka kwenye kabati. Familia moja ya wazungu wakulima, huko njia ya Endebess, ilikuwa ikifunga nyumba na kuondoka, vyombo vikapigwa mnada, na Bwana Naibei akanunua kabati la nguo. Alipolifikisha kwake droo ya chini ilikataa kufunguka. Alipoivunja alikuta majeshi mawili ya vita vya Napoleoni, Wafaransa na Waingereza, yamefungwa kwenye pamba, pamoja na kitabu chenye picha za sare zao. Walikuwa wa zamani sana, na wengi walikuwa wamebanduka rangi hadi madini yakaonekana. Wale wachache waliokuwa bado na rangi yao ya kwanza hakuruhusu mtu awaguse. Alisema rangi ile imezeeka pamoja na askari, na ukiitoa utakuwa umemuua mara ya pili. Waliobanduka tu ndio walioletwa kazini.

Namna ya kuwapaka ni hii, na sijaibadilisha. Askari anaoshwa kwa sabuni, anakauka, kisha anapakwa rangi ya chini ya kijivu ili ya juu ishike. Halafu unamvisha kama mtu anavyovaa asubuhi: ngozi kwanza, kisha suruali, kisha koti, mikanda mwisho. Ukianza na mikanda utaiharibu ukifika kwenye koti. Rangi iwe nyepesi kama maziwa. Kiwiko kikae mezani, kidole cha mwisho kiegemee kibao ambacho askari amegundishwa juu yake, na mstari uvutwe wakati unatoa pumzi. Brashi haitiwi mdomoni kamwe, kwa sababu risasi ni sumu. Fundi cherehani mmoja aliyezoea kulowesha uzi kwa mate aliisahau sheria hiyo, na Bwana Naibei, mwenye ile sauti ndogo, alimpigia kelele mpaka watu wa maabara wakaja kuangalia kuna nini.

Rangi tulinunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Nilipoomba buluu kidogo mwenye duka aliniuliza mlango wangu una ukubwa gani. Nilimwambia si mlango, ni makoti ya Wafaransa. Tangu siku ile alinihudumia upesi ili niondoke.

Kazi ile ilinifuata nyumbani. Wakati huo tulikaa Kiminini, mimi na mume wangu, ambaye ni mwalimu, na watoto. Jumamosi mchana, nguo zikishaanikwa, nilikaa karibu na dirisha na askari wangu watatu au wanne walioazimwa kazini. Hakukuwa na mgonjwa wa kunisubiri. Nilipaka kwa sababu nilipenda. Mtu aliyeshinda juma zima akiangalia vidole visivyotaka kukunjika anafurahi kukutana na kitu kidogo kinachokubali kumalizika. Kina mama wa kanisa walipokuja kunitembelea waliwaona wamesimama dirishani kwa mistari, na ile sala ya kufunga siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko kawaida.

Nilipohamishiwa Bungoma, Bwana Naibei alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Aliwagawa askari. Wafaransa, wenye makoti ya buluu, akanipa mimi. Waingereza, wenye makoti mekundu, akabaki nao. Hivyo ndivyo vita vile vilivyoisha upande wetu.

Bungoma walinipa chumba chenye dirisha la upande wa barabara, na wagonjwa wengi kuliko viti. Mikono ya huko ililiwa na mashine za kusaga, na minyororo ya baiskeli, na moto wa jikoni. Karani mmoja aliyepooza upande mmoja alipaka kofia nyeusi tu kwa miezi, kofia na si kingine, mpaka siku aliyojaza fomu yake mwenyewe ya likizo akaniletea niione. Nilifurahi kuliko yeye. Lakini kesi ninayotaka kuwaachia ni ya Mzee Simiyu wa Matulo. Aliniambia mwenyewe, kabla hajafariki, niwasimulie wanaokuja nyuma yangu, kwa hiyo sivunji siri ya mgonjwa.

Mzee Simiyu alikuwa ngariba. Kwetu Wabukusu vijana hutahiriwa mwezi wa Agosti, mwaka mmoja ndiyo na unaofuata hapana, na ngariba hajichagui. Kazi iko katika ukoo, na inasemekana inamshika mtu. Ndugu zangu wote wa kiume walipita mikononi mwake. Mapema mwaka wa tohara alianguka na baiskeli, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Walimtibu vizuri kule Lugulu, kwenye hospitali ya misheni, na plasta ilipotolewa akatumwa kwangu, kwa sababu vidole vilikuwa vigumu na mkono ulitetemeka.

Vidole vigumu havikunitisha. Kutetemeka ndiko kulikonitisha. Daktari alimpima akasema hakukuletwa na kule kuanguka. Ni mishipa ya fahamu na umri, akamwandikia vidonge. Mzee alivimeza kwa heshima, lakini maelezo hakuyahitaji. Kila Mbukusu anajua kwamba msimu ukikaribia ngariba hutetemeka. Akisikia vijana wanapita na njuga, mwili wote unamruka, na hautulii mpaka ashike kisu afanye kazi yake. Hayo niliyaona kwa macho yangu nikiwa mtoto, na hakuna chuo kilichoniondolea.

"Hii mkono haina ugonjwa, mama," aliniambia siku ya kwanza. "Inataka kisu tu. Agosti ikifika itanyamaza."

Nilimbonyeza vidole kimoja kimoja. Na kulikuwa na jambo ambalo yeye hakulijua. Mwanangu wa kwanza, Wafula, alikuwa wa kutahiriwa Agosti ile ile, kwa baba mkwe wangu, Mzee Barasa, huko upande wa Webuye, na wazee walikuwa wameshakubaliana na ngariba. Ngariba mwenyewe ni huyu aliyekaa mbele yangu na kofia yake magotini, akiushikilia mkono wa kulia kwa wa kushoto ili utulie.

Ningeweza kumwambia mume wangu tumpeleke kijana hospitali. Angeuliza kwa nini, na jibu lilikuwa mali ya mgonjwa. Na hata kama ningemwondoa wa kwangu, wale wengine je? Niliogopa sana miezi ile. Niliogopa nikipika na niliogopa kanisani, na kila nilipomwona Wafula akipita na wenzake nilimtazama kama mtu anayeondoka.

Nilimpa mzee Mfaransa mmoja. Alimgeuza huku na huku. Aliuliza ni vita gani, nikamweleza ninavyojua, ambavyo si vingi. Aliuliza nani alikuwa akifua suruali nyeupe zote hizo vitani. Halafu akauliza kama walikuwa wametahiriwa. Nilimwambia kitabu hakisemi. Akatikisa kichwa kwa huruma, akashika brashi.

Alikuja mara mbili kwa wiki, akiletwa na Wekesa, mtoto wa ndugu yake, mwanamume mwenye mke na watoto ambaye alikuwa ameshafanya kazi ya kisu misimu miwili chini ya mzee. Wekesa alibaki nje kwenye benchi. Vidole vilifunguka vizuri. Kufikia Juni mzee alifunga vifungo vya shati peke yake, na alikuwa ameanza kuwapenda askari. Makoti aliyapaka kwa subira. Nyuso alizipa rangi ya kahawia, akasema zile za kitabuni ni za watu wenye malaria. Sikumkataza.

Lakini mikanda ilikataa. Mstari ulianza begani umenyooka, na kadiri ncha ya brashi ilivyokaribia kiuno ndivyo ulivyozidi kuyumba. Huo ndio mtetemo wa kuuogopa zaidi, na mkiuona msijidanganye: mkono umetulia ukiwa mbali na kazi, na unayumba ukiifikia. Kazi ya ngariba yote iko pale unapofika. Kila siku nilimweka askari mpya kando ya yule wa kwanza, nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Naye aliwaangalia, akachukua kofia yake. Wekesa nadhani alijua, lakini katika kazi yao mdogo hamwambii mkubwa aweke kisu chini.

Mwishoni mwa Julai nilishindwa. Nilimuuliza anaonaje mikanda yake.

"Huyu ni chuma tu," alisema bila hasira. "Haina damu. Ile kitu yetu haiwezi kuja kwa sababu ya mdoli, bana. Kijana akisimama mbele yangu, itatulia."

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na kilichonikasirisha ni kwamba hoja yake haikuwa na tundu. Singeweza kumletea kijana wa kumjaribia.

Siku chache baadaye tulikuwa mezani, dirisha liko wazi, vijana wakapita barabarani na chinyimba, zile njuga za chuma wanazopiga wakienda kuwaalika jamaa zao. Watu walikuwa wakiimba nyuma yao. Mzee Simiyu akaanza. Yalianza magoti, kisha mabega, kisha kidevu. Meza ilitikisika na vifuniko vya rangi vikagongana. Wagonjwa wengine wakasogeza viti vyao, na Wekesa akaja akasimama mlangoni.

Nilichofanya sikukipanga. Nilichukua askari aliyekuwa ameshavaa koti na bado hana mikanda, nikamweka mbele ya mzee, nikamshikisha brashi.

"Baba," nilimwambia, "sasa imekuja. Si ndiyo ulikuwa unangoja? Tuone."

Alinikazia macho. Nilifikiri angenitukana, na asingekosa sababu. Kisha alivuta kiti, akaweka kiwiko mezani, akatoa pumzi. Na ninyi mnaopenda kucheka mambo ya wazee, hapa msicheke. Magoti yalitulia. Mabega yalitulia. Uso wake ulikuwa wa mtu mwenye nguvu, mtu niliyemkumbuka kutoka utotoni mwangu, akiwa amesimama uani kwetu, na nje njuga zilikuwa bado zinalia. Yote aliyoniambia yalikuwa kweli. Kila kitu mwilini mwake kilitulia isipokuwa mkono wa kulia.

Mkanda wa kwanza ulipita kiunoni ukaishia pajani. Wa pili ulipanda shingoni. Njuga zikaenda mbali, na mzee akaweka brashi chini. Hakungoja nimpeleke askari kwenye rafu. Alimlaza kwenye kiganja cha kushoto, akamwinamia kwa muda mrefu.

"Huyu ni mtoto wa nani?" aliuliza.

Kanuni ya Bwana Naibei ilinitaka ninyamaze. Siku ile niliivunja, na ningeivunja tena.

"Ni wangu, baba," nilisema. "Wafula wangu ni mmoja wa wale wako wa Agosti. Kwa Mzee Barasa, upande wa Webuye."

Hakuuliza kwa nini sikumwambia mapema. Nadhani alielewa kwamba miezi yote ile, kila alipovuta mkanda, nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza nikiomba unyooke, kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Alimwita Wekesa kwa Kibukusu, akamwambia anyooshe mkono wa kulia. Wekesa akaunyoosha. Mzee aliugeuza, akautazama juu na chini, akabonyeza vidole kimoja kimoja, jinsi mimi nilivyobonyeza vyake siku ya kwanza. Kisha akampa brashi na askari mwingine. Wekesa hakuwahi kumshika askari maishani mwake. Alichora mkanda mnene, usiopendeza hata kidogo, ulionyooka kutoka begani mpaka mwisho.

Mzee alisema sawa, akavaa kofia, wakaondoka.

Asubuhi ya Wafula nilikuwa ndani ya nyumba ya mama mkwe pamoja na wanawake wengine, kwa sababu mama haendi uani kuangalia. Siku iliyotangulia mume wangu alikuwa ameniambia kwamba ngariba amebadilishwa, kwamba mzee amemwachia kisu mtoto wa ndugu yake, na kwamba watu wanaulizana kwa nini. Nilimwambia kwamba hata mimi nashangaa. Nje nilisikia njuga zikikaribia, nyimbo, kisha kimya. Kimya kile sitakisahau. Halafu ikalia filimbi ya kutangaza kwamba kijana amemaliza, wanaume wakapiga kelele za furaha, na wanawake wakanivuta mikono nicheze nao. Nilibaki nimekaa.

Mtu alibisha kwenye ubao wa dirisha. Ulipofunguliwa nilimwona Mzee Simiyu amesimama nje, mikono yote miwili nyuma, mmoja umeukamata mwingine. Mwili wake wote ulikuwa ukitetemeka, kwa sababu msimu ulikuwa umemshika na hakuwa amekata mtu, na asingekata tena. Aliutafuta uso wangu katikati ya wanawake wale.

"Mama Wafula," alisema. "Nimesimama karibu. Nimeangalia mkono yake mpaka mwisho. Haijatetemeka."

Kisha akaenda kumsimamia Wekesa katika boma lililofuata. Wanawake waliniona nikilia wakasema ni furaha ya mwana, wakaniacha nilie. Mwana alikuwa salama. Nilikuwa namlilia mzee.